Je, wajua? "Fireman" wa melini hakuzima moto, aliuchochea

Ukisoma orodha ya mabaharia wa Titanic, meli iliyozama Aprili 1912, utakuta watu zaidi ya mia moja ambao kazi yao imeandikwa "fireman". Aliyezoea Kiingereza cha leo atajiuliza meli moja ilikuwa na haja gani na wazimamoto wengi namna hiyo. Kumbe hao ndio waliokuwa kule chini kabisa, jasho likiwatiririka, beleshi mkononi, wakilisha makaa ya mawe tanuri za boila 29 kwa zamu, usiku na mchana. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha moto hauzimiki.

Utata umo ndani ya neno lenyewe. "Fire" ni moto, "man" ni mtu au mwanamume. Mtu wa moto, basi. Anauwasha? Anauzima? Neno halisemi. Baada ya Moto Mkubwa wa London wa mwaka 1666, kampuni za bima ziliunda vikosi vyao vya kuzima moto, na wengi walioajiriwa walikuwa wapiga makasia wa mto Thames. Nao waliitwa "fireman". Enzi ya mvuke ilipofika, mchochea moto wa melini na wa garimoshi akaitwa vivyo hivyo.

Hata kwetu alikuwapo. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na injini kubwa za mvuke za aina ya Garratt, za daraja la 59. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Injini hizo zilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo "fireman" wake hakushika beleshi. Alikaa karibu na dereva akifungua na kufunga vali ya mafuta, jicho kwenye geji ya mvuke na kwenye kioo cha kupimia maji ya boila. Anayetafsiri kumbukumbu za reli au za meli akamwita mtu huyu mzimamoto, amepindua habari nzima.

"Firefighter", yaani anayepambana na moto, halina utata huo. Si neno la juzi: chama cha wafanyakazi hao kilichoundwa Marekani mwaka 1918 kililibeba katika jina lake. Lakini kilicholisukuma mbele zaidi ni wanawake. Mwaka 1982 Sue Batten aliingia kikosi cha London, wa kwanza kwa wanawake wa kuzima moto pale. Mwaka huohuo, katika kesi ya Brenda Berkman, mwanamke aliyetaka kuwa mzimamoto, mahakama ya New York iliona kwamba mtihani wa nguvu za mwili uliotumiwa na idara ya zimamoto ya jiji uliwabagua wanawake, na wapatao 40 wakaajiriwa. Ungemwitaje "man" mwanamke aliyebeba mpira wa maji ngazini? Leo kwenye tangazo la kazi au habari ya gazeti, andika "firefighter". "Fireman" bado lipo midomoni mwa watu, na limeng'ang'ania kwenye misemo kama "fireman's lift", ule ubebaji wa kumtupia majeruhi mabegani.

Nami hulipenda sana neno letu, zimamoto. Kitenzi kiko mbele, na moto unafuata: kazi imeshatajwa yote, na mwanamume au mwanamke wote wamo. Nchini Tanzania likawa jina la jeshi kamili, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, unalolipigia 114.

Mitaani, hata hivyo, nyumba ikishika moto utasikia watu wakipiga kelele, "Waiteni faya!" Dar es Salaam kipo hata kituo cha basi cha Faya, kwenye Barabara ya Morogoro. Gari la faya, watu wa faya: tumechukua "fire" peke yake, "man" tukawaachia wenyewe.