Usimkate Cinna mshairi

Ukiambiwa Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare, ichezwe kwa saa moja na nusu, kisu huanzia onyesho la tatu la tendo la tatu: umati wa Roma unamuua Cinna mshairi kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomuua Caesar. Ni mistari arobaini hivi. Cinna mshairi hajaonekana kabla yake, na akishauawa hatajwi tena. Mimi hulilinda kuliko hotuba ya Antony.

Kinachokatwa ndicho kinachosema mchezo uko upande wa nani. Laurence Olivier alipotengeneza filamu ya Henry V mwaka 1944, Uingereza ikiwa vitani, aliwaondoa mabwana watatu waliomsaliti mfalme, na amri ya kuua mateka akaitoa pia. Mfalme akabaki bila doa. Orson Welles, New York 1937, aliwavika Warumi sare za kifashisti na Cinna hakumkata. Onyesho hilo likasifiwa sana.

Hapa Kampala onyesho hili lina uzito wake. Umati unamuuliza Cinna maswali manne: jina, anakokwenda, anakokaa, ameoa au hajaoa. Mzee aliyekuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapo haoni Roma, anaona kizuizi cha barabarani. Misako ile ya askari mpaka leo inaitwa "panda gari", kwa Kiswahili chao, hata mtu akiwa anaongea Luganda. Kwa hiyo tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963 naibakiza kwenye hotuba, ila maswali haya nayafupisha yawe Kiswahili cha kambi ya jeshi: "Jina? Unaenda wapi?"

Kosa la kawaida ni makelele. Watu saba wakipayuka pamoja, maswali hayasikiki. La kwanza liulizwe kwa sauti ya chini na mtu aliyekaa. Kimya, hesabu mbili. Wa pili aanze kabla Cinna hajamaliza kujibu, na kwa kila swali mduara ubane hatua moja, mpaka la nne asionekane. Akisema yeye ni mshairi, mmoja anajibu basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Watazamaji watacheka. Waache, kisha zima taa kicheko hakijaisha.

Mabaka ya jeshi usiyaguse: sheria ya Uganda inamkataza raia kuwa nayo bila idhini, na bereti nyekundu ziliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi 2019. Hata hivyo huyahitaji. Umati huu ni raia waliojifunza maswali ya askari, basi uvae mashati ya kazini na ndala. Buti moja tu ikionekana, watazamaji watasema jeshi ndilo lililomuua.