Je, wajua kwa nini aliyezama utotoni huogopa maji mpaka ukubwani?

Mdogo wangu kazaliwa Lindi mjini, karibu na bahari, na bado kuvuka kwenda Kitunda, ng'ambo tu ya ghuba, kwake ni msiba. Kwenye kivuko hushika chuma cha ukingoni kwa nguvu zote, macho kayafumba, jasho linamtiririka ilhali kusi inavuma. Ana miaka 34. Alipokuwa na sita, vijana walimtosa kutoka kwenye mtumbwi ati ajue kuogelea. Alikunywa maji, akapaliwa, akaopolewa. Haikufika hata dakika.

Ndani ya ubongo, kila upande, mna kiungo kidogo mfano wa kokwa ya kungu, kiitwacho amigdala. Ndicho kinachopiga mbiu ya hatari. Hesabu tunaijua kwa kurudia rudia, lakini jambo la kufa na kupona amigdala yaweza kulishika kwa mara moja tu. Tena hailishiki peke yake: hubeba na harufu ya mwani, ladha ya chumvi, mlio wa maji yakipiga ubavu wa chombo. Ndiyo maana mdogo wangu hushtuka hata akimwagiwa maji ya kata usoni. Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wengine hawalikumbuki tukio lenyewe. Kumbukumbu ya nani alifanya nini na wapi hutegemea sehemu nyingine, hipokampasi, ambayo kwa mtoto mdogo sana bado haijakomaa. Kisa kinapotea, woga unabaki. Kwa hiyo mtu asiyeweza kueleza anaogopa nini, tusimwambie anadeka.

Ila kinachoulea woga miaka yote hiyo ni kukwepa. Kila wenzake walipoingia majini yeye akabaki mchangani, moyo ulitulia, na ubongo ukashika somo: nimesalimika kwa sababu sikuingia. Hakupata hata siku moja ya kujionea kwamba maji ya magotini yanamwacha salama.

Mwaka 1924 huko Marekani, mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho, na sungura akasogezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka Peter akawa anamshika mwenyewe. Kumtosa mtu kwa nguvu ni kinyume kabisa cha njia hii, na inaniuma kwamba fukweni kwetu bado wapo wanaoiita mafunzo.

Woga wa zamani haufutiki. Somo jipya hujengwa juu yake, nao waweza kuibuka tena mtu akipata mshtuko mwingine. Hivyo tunakwenda polepole, maji yakiwa yametoka, kwanza nyayo, kisha vifundo. Mwezi uliopita yalimfika magotini. Alinikaza mkono, akasimama akihesabu pumzi mpaka ishirini. Kesho yake asubuhi alinipigia simu kuniuliza maji yanatoka saa ngapi.