Damu Iliyokorogwa kwa Mwiko: Tabibu wa Kambi ya Chungkai

Nikifundisha vijana wa maabara kwa nini mfuko wa damu huwekwa sitreti, kemikali ya kuzuia damu isigande, naanzia Chungkai, Thailand, mwaka 1943.

Hapo palikuwa na kambi ya hospitali ya wafungwa wa vita waliolazimishwa na Wajapani kujenga reli ya kilomita 415 kutoka Thailand hadi Burma. Wafungwa hao, wengi wao Waingereza, Waholanzi na Waaustralia, walizidi 60,000; zaidi ya 12,000 walikufa. Kuhara damu, malaria, kipindupindu, beriberi. Na donda ndugu. Mwanzi unakukwaruza muundi, mwili wenye njaa unashindwa kufunga jeraha, nyama inaoza mpaka mfupa unachungulia. Waganga walikwangua uozo kwa kijiko. Isiposaidia, mguu ulikatwa.

Mkataji mkuu pale Chungkai alikuwa Jacob Markowitz, Mkanada aliyejiunga na jeshi la Uingereza na kutekwa Singapore ilipoanguka, Februari 1942. Kabla ya vita alikuwa mtafiti wa fiziolojia, mmoja wa waliopandikiza moyo wa mbwa kwenye shingo ya mbwa mwingine, kazi iliyochapishwa 1933. Nadhani ujuzi alioupata maabara ndio uliowaokoa wagonjwa wake kuliko kisu chake.

Maana mtu aliyekauka damu hawezi kustahimili kukatwa mguu, na sitreti haikuwepo. Basi damu ya mfungwa mwenzake ilikingwa chomboni, na msaidizi akaikoroga kwa mwiko wa mti bila kupumzika, kama anayesonga uji usishike madonge. Damu inapoganda hutoa nyuzi za fibrini. Ukikoroga, nyuzi hizo hujizungusha kwenye mwiko, nyeupe nyeupe, zinavutika kama ute. Ukizitoa na kuichuja damu kwa shashi, kinachobaki hakigandi tena: kinaingia mshipani salama. Wauguzi wengi waliofanya kazi hii walikuwa askari wa kawaida waliofundishwa palepale kambini. Na waliotoa damu nao walikuwa wanaishi kwa wali mkavu.

Kuna jambo linaloniuma kila ninaposoma habari hizi. Vibarua wa Kiasia kwenye reli hiyohiyo, Watamili, Wamalay, Waburma, Wajava, walikuwa wengi kuliko wafungwa na walikufa wengi zaidi, ila wao karibu hawakuwa na daktari kabisa. Chungkai leo kuna makaburi zaidi ya 1,700 ya wanajeshi, yamepangwa na kutunzwa. Vibarua wengi walizikwa kandokando ya reli, bila jina.