Kasha la wiski ghali: watu wasemavyo na fundi ajuavyo

Mwaka 2021 kampuni ya Gordon & MacPhail ya Uskoti ilitoa wiski iliyokaa pipani miaka 80, chupa 250 tu. Kasha lake la mwaloni lilibuniwa na David Adjaye, msanifu majengo aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Makasha ya namna hiyo yana maneno mengi mtaani, na mengi si kweli. Hata kama hunywi, useremala wake una mambo.

"Wiski inazidi kukomaa humo ndani."
Haikomai. Wiski hukomaa kwenye pipa la mwaloni, na ya Uskoti kisheria lazima ikae humo angalau miaka 3. Ikishatiwa chupani, umri umesimama: ya miaka 12 ukiifungia kabatini miaka 20 mingine, inabaki ya miaka 12. Kazi ya kasha ni kuikinga na mwanga, ambao huipausha rangi, na kuilinda isigongwe.

"Ilazwe kama mvinyo."
Hapo ndipo unapoiharibu. Kileo cha asilimia 40 na zaidi kikikaa kwenye kizibo miezi na miaka, kizibo huanza kumeguka. Chupa isimame, na kasha lijengwe kwa kulijua hilo.

"Mbao ikiwa ngumu na adimu, basi kasha halina kasoro."
Hii ndiyo inayowaponza wengi. Mbao hata ikikauka vipi bado hunywa unyevu wa hewani na kuutoa. Ikinywa inatanuka kwa upana. Kwa urefu haisogei sana. Chukua ubao wa mwaloni wa sentimita 20: unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 12, unaongezeka karibu milimita 3. Ukiwa umepasuliwa kutoka ganda kuelekea kiini cha gogo, ni kama nusu ya hapo. Sasa kasha litoke karakana ya Uskoti yenye mvua nje, likaishi sebule ya Dubai yenye kiyoyozi usiku na mchana. Ubao uliogandishwa kwa gundi pande zote utapasuka tu. Fundi anayejua huuacha ubao wa mlango ucheze ndani ya mfereji wa fremu, bila tone la gundi. Au hubandika vinia, yaani ganda jembamba la mbao, juu ya plaiwudi nzuri. Najua, kwetu vinia inasikika kama uchakachuaji, lakini kwenye mlango mpana mimi ningeichagua bila kusita.

Na uadimu una karatasi zake. Tangu 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mpingo wetu ukiwemo, ule ule ambao Waskoti huuchongea zumari zao za mfuko. Kuvusha mpaka bidhaa ya mbao hizo kunaweza kudai kibali.

"Skrubu ni skrubu."
Kwenye mwaloni, hapana. Mwaloni una tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti. Ikikutana na chuma na unyevu kidogo, mbao huingia doa jeusi la bluu kuzunguka skrubu. Kwa hiyo bawaba na skrubu huwa za shaba. Tatizo, shaba ni laini, na mwaloni unaikata kichwa. Fundi hutoboa tundu, akatangulia na skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ili ichonge njia, akaitoa, akapaka nta ile ya shaba na kuifunga kwa mkono, polepole. Bawaba moja yenye skrubu sita ni kazi ya mara kumi na mbili.

"Chupa ibanwe isitikisike."
Chupa za kristali zinazopulizwa kwa mdomo hazilingani hata zikitoka karakana moja. Huachwa nafasi, na ngozi au mahameli ndiyo inayoishika.

"Mashine ikigusa, si kazi ya mkono tena."
Mashine inakata vizuri, na sioni haja ya kuificha. Ila mara nyingi chini ya chupa kuna kidroo cha hati, na hicho hukamilishwa kwa randa, unene wa unywele mmoja kwa kila mpito, mpaka ukikisukuma unasikia hewa ya ndani ikikipinga kidogo kabla hakijaingia.