Pangaboi likitoka majini, tatizo si HP: dhana potofu kuhusu breketi ya mashine kwenye chombo cha tanga

Kusi, upepo wa kusini, likianza kuvuma, malalamiko ni yale yale. Mashine imepachikwa tezini (nyuma ya chombo), ndani ya bandari inasukuma vizuri, lakini chombo kikipita mwamba na wimbi la kwanza kuinua tezi, mashine inapiga yowe, mwendo unakufa, usukani unakuwa mzito. Mwenye chombo anarudi nchi kavu akiwa ameshaamua: anataka mashine kubwa zaidi.

Maelezo haya ni ya vyombo vya tanga vya futi 20 hadi 30, yaani mashua za mbao za Lamu na Unguja na boti za faiba zinazolala Mtwapa, Kilifi au Msasani, vinavyobeba mashine ya nje ya HP (nguvu farasi) 4 hadi 15 juu ya breketi, yaani fremu ya kuipandisha na kuishusha mashine.

"Mashine haina nguvu, niongeze HP"

Hapana. Sikiliza mlio kwanza. Mashine iliyoelemewa hushuka mlio. Mashine inayopanda mlio ghafla haijaelemewa hata kidogo: pangaboi (propela) limeacha maji na linazungusha hewa. Ukiweka HP 15 mahali pa HP 8 bila kugusa breketi, utazungusha hewa ile ile kwa petroli nyingi zaidi.

Tena chombo cha tanga hakitelezi juu ya maji kama boti ya kasi. Kinayagawa maji, na mwendo wake una kikomo kinachotokana na urefu wake pale maji yanapokata ubavu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 2.43, utapata maili za baharini kwa saa. Chombo chenye mita 6 majini kinaishia karibu na maili 6, chenye mita 7 kinaishia 6.4. Zaidi ya hapo unachimba shimo la maji nyuma ya tezi na kuzama ndani yake. Kwa kawaida HP 4 kwa kila tani ya chombo na mzigo zinatosha. Tani 2, HP 8. Kama una pesa ya ziada, inunulie pangaboi la mwendo mfupi, lile lenye kipenyo kikubwa na mapanga yaliyolala, kwa sababu pangaboi linalouzwa na mashine nyingi limekusudiwa boti nyepesi za kasi.

Kosa lenyewe liko kwenye kipimo cha wima. Miguu ya mashine ina urefu wa kawaida wa aina tatu: mfupi inchi 15 (sentimita 38), mrefu inchi 20 (51), na mrefu zaidi inchi 25 (63.5). Urefu huo unapimwa kutoka pale mabano yanapokalia ubao hadi kwenye bamba lililo juu ya pangaboi. Wengi huliita bamba la kavitesheni, lakini kazi yake ni kuzuia pangaboi lisinyonye hewa kutoka juu. Bamba likitoka majini, hewa inaingia, na kusukuma kumekwisha.

Sasa fanya hesabu ya wimbi. Chombo kinapoinamisha omo (mbele yake), kinazunguka karibu na katikati yake. Kama pangaboi liko mita 4 nyuma ya hapo na omo limeshuka kwa digrii 5 tu, tezi imepanda sentimita 35. Digrii 5 ni kitu cha kila dakika kwenye mlango wa Shela wakati maji yanatoka na kusi linaingia. Mwenye mguu wa inchi 15, ambaye bamba lake liko sentimita 5 chini ya maji chombo kikiwa kimetulia, amebaki hewani. Hakuna HP itakayomrudisha majini.

Kuna ulalo pia. Kwenye mashua katikati ya tezi pamekaliwa na usukani, kwa hiyo breketi inawekwa pembeni. Ukiiweka sentimita 60 kutoka katikati, chombo kikilala digrii 15 mashine inapanda sentimita 15 ikiwa upande wa joshi (upepo unakotoka), na inazama kiasi hicho hicho ikiwa upande wa demani (upepo unakoelekea), kichwa chake kikikaribia maji. Isogeze karibu na usukani kadiri inavyowezekana, lakini kwanza pinda usukani hadi mwisho na upinde mashine hadi mwisho kuelekea upande wake. Kati ya ncha ya pangaboi na ubao wa usukani zibaki walau sentimita 8. Jaribu pande zote mbili. Mbao za usukani zimekatwa vipande kwa kuruka hatua hii.

Kupima kwenyewe ni hivi. Chombo kiwe majini, si mchangani, kikiwa na mafuta, maji, nanga na watu mahali wanapokaa safarini. Tia alama ya usawa wa maji kwenye ubao wa tezi. Breketi ikiwa chini kabisa, bamba linatakiwa kuwa sentimita 15 hadi 20 chini ya maji; wimbi kubwa bado litalitoa, lakini kwa muda mfupi zaidi. Tuseme 18. Kwa mguu wa inchi 20, toa 18 kwenye 51: ukingo wa juu wa ubao unaobeba mashine uwe sentimita 33 juu ya maji. Kwa mguu wa inchi 25 unapata 45 na kitu, na ndiyo maana kwa chombo cha tanga mguu huo ni bora kila unapopatikana: bamba linazama vile vile huku kichwa cha mashine kikibaki juu, mbali na wimbi la nyuma. Ukishapata kipimo, shikiza breketi kwa jeki za kubana, ishushe na kuipandisha mara kadhaa kabla ya kutoboa. Mikono yake huenda kwa tao, si wima, na tezi iliyolala nyuma huweza kugongana na mashine katikati ya safari hiyo.

Usizidishe kina pia. Mashine ikizama hadi tundu la moshi la juu limefunikwa, itakuwa ngumu kuwaka na itazimika ikiwa kwenye mzunguko mdogo.

"Ubao wa tezi ni mnene, bolti nne zinatosha"

Bolti nne zinatosha. Ubao peke yake hautoshi. Watu wanafikiria uzito wa mashine tu, wanasahau msukumo wa pangaboi, ulio chini sana na wenye mkono mrefu. Chukua mashine ya kilo 40, sentimita 40 nyuma ya ubao, na safu mbili za bolti zilizoachana sentimita 20. Uzito pekee unavuta safu ya juu kwa kilo 80. Pangaboi likisukuma kwa kilo 60, sentimita 70 chini ya safu ya chini, linaongeza kilo 210 kwenye safu ile ile ya juu. Jumla 290, kabla wimbi halijapiga. Ukirudi nyuma, mzigo unahamia bolti za chini.

Kwa hiyo ndani weka bamba la kusambaza nguvu: plaiwudi ya majini ya milimita 18 hadi 20 au aluminiamu ya milimita 6, lizidi breketi kwa sentimita 5 kila upande. Bolti ziwe za milimita 10, zipenye kabisa, na washa pana. Skrubu za mbao haziruhusiwi hapa. Kwenye mashua, bamba la ndani liwe kipande cha mbambakofi au mvule cha milimita 40 kinachokamata mataruma (mbavu) mawili ya tezi. Ukifunga kwenye ubao mmoja, misumari yake italegea na kalfati, pamba inayoziba maungio ya mbao, itaanza kutoka.

Boti nyingi za faiba zina plaiwudi au balsa katikati ya ngozi mbili za tezi. Tundu likiachwa wazi, maji yanaingia na kiini kinaoza kimyakimya. Toboa milimita 16, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wake wa kuikaza, iache ikauke siku nzima, kisha toboa milimita 10 katikati yake.

"Chuma cha pua hakipati kutu, na silikoni inaziba kila kitu"

Chuma cha pua kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikifungiwa ndani ya mbao iliyolowa maji ya chumvi kinalika shingoni, pale usipoona. Tumia daraja la 316 na uzibe kwa gundi ya poliuretani au polisalfaidi. Silikoni inaachia kwenye mbao yenye mafuta, na chombo kilichopakwa sifa (mafuta ya samaki) hakiikubali kabisa. Kaza nati nusu, iache gundi ishike siku moja, halafu maliza. Bolti za chuma cha pua zikipita kwenye breketi ya aluminiamu, pachika bushi za plastiki na upake mafuta mazito ya kutenganisha, la sivyo aluminiamu itageuka unga mweupe. Na rangi ya shaba ya kuzuia chaza isiguse mguu wa mashine.

"Springi kali zaidi ndiyo bora"

Springi zinatakiwa zilingane na uzito wa mashine. Breketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mashine za tu-stroku. HP 15 ya aina hiyo ina kama kilo 36 hadi 40, wakati ya foo-stroku inafika au kupita 50. Soma kibati cha breketi, halafu pima mashine kwenye mizani. Springi hafifu zitakuvunja mgongo, springi kali zitarusha mashine juu. Kibaya zaidi ni kufungua kufuli la breketi wakati mashine imeondolewa: mikono inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Mashine ikitoka, breketi ibaki imefungwa. Na kabla ya kutia rivasi, hakikisha kufuli la chini limeingia, kwa sababu rivasi huvuta mashine nyuma na kuinyanyua.

"Nikiipandisha, imetoka majini"

Breketi inayopanda sentimita 38 italitoa bamba sentimita 20 juu ya maji, lakini mkia wa mashine unashuka sentimita 25 hadi 30 chini ya bamba. Bado unaburuta. Pandisha, kisha lalisha mashine. Kwenye pwani ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, chombo kinachokauka mchangani kwa mashine iliyopandishwa nusu hukaa juu ya mkia huo kwa uzito wake wote.

Skrubu zinazobana mashine kwenye breketi hulegea kwa mtikisiko. Zikaze tena baada ya nusu saa ya kwanza, zipitishie kufuli kwenye mikono yake, na kamba ya milimita 8 ifungwe kutoka kwenye mashine hadi kwenye bolti ya jicho iliyo kwenye tezi, kamwe isifungwe kwenye breketi yenyewe.