Wasilisho la taarifa kwa wakuu wa kazi: maana yake na namna linavyoandaliwa

Wasilisho la taarifa ni maelezo yanayotolewa kwa mdomo, mara nyingi yakisindikizwa na slaidi au kabrasha, ili wanaosikiliza waelewe jambo fulani lilivyo: nini kimetokea, kwa kiasi gani, na kwa sababu zipi zilizothibitika. Haliombi fedha wala kibali, na halimshawishi mtu abadili msimamo. Linapotolewa kwa wakuu, yaani mkurugenzi, menejimenti au bodi, huwa na uzito wa ziada. Wanaosikiliza wana mamlaka ya kutenda kwa kutegemea ulichosema, na pengine watakirudia mbele ya watu wengine ambako wewe hutakuwepo kukifafanua.

Ukitaka kujua haraka kama ulichopewa ni wasilisho la taarifa, soma kitenzi kwenye ajenda. "Kupokea taarifa ya matumizi ya dizeli" ni taarifa. "Kujadili na kuidhinisha ununuzi wa malori" ni pendekezo. Mwandaaji akichomeka pendekezo ndani ya taarifa, wajumbe huacha kusikiliza takwimu wakaanza kubishania pendekezo, au hushuku kwamba takwimu zimechaguliwa ili zilibebe. Ukiwa na pendekezo, liandikie dokezo lake na uliombee nafasi yake.

Tuchukue kazi moja tuifuate. Kampuni ya usafirishaji ina malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mkurugenzi anamwambia afisa usafirishaji: "Kikao kijacho utuelezee habari ya dizeli." Hapo bado hakuna mada. "Habari ya dizeli" inaweza kuwa bei, wizi, wauzaji, au deni la kituo cha mafuta. Kabla hujafungua faili lolote, rudi kwa aliyekutuma: "Mkuu, naomba kuuliza kidogo. Baada ya kikao, taarifa hii utaitumia kumjibu nani, na swali lake ni lipi?" Akijibu kwamba wenye hisa wanauliza kwa nini gharama ya mafuta ya Aprili hadi Juni imezidi ile ya Januari hadi Machi, umepata swali lenye kipindi, kipimo na msikilizaji. Liandike kwa sentensi moja, umpelekee aliridhie. Utafiti wote utapimwa kwa sentensi hiyo, na kisichoijibu kitakwenda kwenye kiambatisho au kitaachwa.

Kwenye utafiti ndiko kazi iliko. Wengi huanza na intaneti, wakakusanya habari za soko la dunia, kisha wakakosa muda wa kufungua majalada ya ofisini. Anza ndani. Gharama ya dizeli ni lita mara bei, na lita zenyewe ni idadi ya safari mara lita kwa kila safari. Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu: safari, lita na bei, kila kimoja kwa vipindi vyote viwili, kila kimoja kikiwa na karatasi inayokithibitisha.

Safari zinatoka kwenye hati za safari, si kwenye kumbukumbu ya mpanga safari. Lita zina mtego. Lita zilizonunuliwa si lita zilizotumika, hasa kampuni ikiwa na tangi lake uani. Matumizi ni salio la mwanzo, jumlisha manunuzi, toa salio la mwisho. Tangi likijazwa tarehe 30 Juni, manunuzi ya robo hiyo ya mwaka, yaani miezi mitatu, yatavimba bila lori hata moja kusogea. Tafuta vipimo vya tangi vya siku ya kwanza na ya mwisho ya kila kipindi. Kama havipo, sema wazi kwenye wasilisho kwamba unatumia manunuzi.

Ukitaka kujua lori moja linakula kiasi gani, tumia kipimo cha tenki kujaa hadi kujaa: lijazwe, litembee, lijazwe tena, kisha gawanya kilomita za katikati kwa lita za ujazaji wa pili. Odometa ikiwa mbovu, hesabu hiyo haina maana, kwa hiyo linganisha kilomita na zile za GPS kabla ya kumnyooshea dereva kidole.

Bei nayo ina mitego yake. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, nazo huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Maana yake ni kwamba, isipokuwa Jumatano hiyo iangukie tarehe 1, mwezi mmoja wa hesabu zako una bei mbili: siku za mwanzo kwa bei ya zamani, zinazobaki kwa bei mpya. Bei hizo pia hutofautiana kufuatana na bandari mafuta yaliposhushiwa, Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na umbali wa mji husika, kwa hiyo lita iliyonunuliwa Mbeya haina bei ya lita ya Dar es Salaam. Halafu bei kikomo ni dari, na kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Kwa sababu hizo usichukue bei ya tangazo ukaizidisha kwa lita zako. Chukua bei iliyo kwenye risiti. (Kampuni yenye malori Kenya pia ikumbuke kwamba EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli ya huko, hutangaza bei zake tarehe 14, na hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ukiweka nchi mbili kwenye jedwali moja bila kueleza hilo, safu zako hazitalingana.)

Kosa linalojirudia sana ni wastani. Ukinunua lita 10,000 kwa shilingi 2,700 na lita 30,000 kwa shilingi 2,900, wastani si 2,800. Jumla uliyolipa ni shilingi 114,000,000 kwa lita 40,000, yaani 2,850. Kosa hilo la shilingi 50 linaonekana dogo, lakini kwenye lita 204,000 linafika shilingi milioni 10.2, na mjumbe mmoja mwenye kikokotoo atalikuta.

Sasa tuone kinachotokea hesabu ikifanywa vizuri. Tuseme kila robo ilikuwa na safari 240 za kwenda na kurudi, kila safari kilomita 1,700. Robo ya kwanza zilitumika lita 204,000 kwa wastani wa shilingi 2,800. Robo ya pili zilitumika lita 224,400 kwa shilingi 2,940. Gharama imetoka shilingi 571,200,000 hadi 659,736,000, ongezeko la 88,536,000. Kila mtu kikaoni ameshajiaminisha kwamba ni bei, kwa kuwa bei ndiyo inayotangazwa redioni. Lakini ligawe ongezeko hilo. Bei imepanda shilingi 140, na kwa lita zilezile za mwanzo hiyo ni 28,560,000. Lita zimeongezeka 20,400, na kwa bei ileile ya mwanzo hiyo ni 57,120,000. Zilizobaki, 2,856,000, ni lita za ziada zilizolipiwa bei ya ziada, yaani hazitokani na sababu moja peke yake. Bei imeleta karibu theluthi moja tu ya ongezeko, na lita karibu theluthi mbili. Safari hazikuongezeka. Kilichobadilika ni lita kwa safari, kutoka 850 hadi 935, au kilomita 2 kwa lita hadi kilomita 1.82.

Hesabu hizo tatu ndizo wasilisho lenyewe. Slaidi nyingine zote zipo ili kuzieleza na kuzithibitisha.

Baada ya hapo linakuja swali la kwa nini lita zimeongezeka, na hapo ndipo waandaaji wazuri huharibu kazi. Takwimu zimeonyesha kwamba lita zimepanda. Hazijaonyesha sababu. Inaweza kuwa mizigo mizito zaidi, foleni ndefu kwenye mizani, injini zilizochelewa matengenezo, matairi yasiyo na upepo wa kutosha, tabia ya udereva kwenye mlima Kitonga, au mafuta yanayonyonywa njiani. Nenda karakana ukaone tarehe za matengenezo. Soma uzito kwenye karatasi za mizani kwa vipindi vyote viwili. Zungumza na madereva wawili watatu, bila kuwatisha. Kisha weka unachojua katika mafungu matatu, kwa maneno hayohayo kwenye slaidi: kilichothibitika, kinachokadiriwa, kisichojulikana bado. Wakuu huvumilia fungu la tatu kuliko watu wanavyodhani. Wasichovumilia ni kuambiwa dhana kana kwamba ni ushahidi, wakairudia kwa wenye hisa, halafu ikaanguka.

Neno "wizi" lisitamkwe bila ushahidi, na majina ya madereva yasionekane kwenye slaidi. Tumia namba za ndani za malori. Hilo ni suala la utu kwanza, na pia Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabrasha la kikao husafiri mbali kuliko ulivyokusudia.

Kuna mtu mmoja ambaye lazima aone takwimu zako kabla ya kikao: mhasibu. Taarifa ya fedha iko kwenye ajenda hiyohiyo, na ina mstari wa mafuta. Ukisema 659,736,000 naye akasema 641,000,000, kikao kitakufa hapo hapo, hata kama nyote mko sahihi. Mara nyingi tofauti ni ya tarehe: ankara ya mafuta ya mwisho wa Juni imeingizwa Julai, au yeye ameingiza vilainishi pamoja na dizeli, au ametoa mafuta ya jenereta. Kaeni pamoja saa moja, mtafute tofauti, muiandike mstari mmoja chini ya jedwali. Hakuna saa nyingine ya maandalizi yenye faida kama hiyo.

Ratiba ihesabiwe kwa kurudi nyuma. Kikao kikiwa baada ya siku 10 za kazi, siku ya kwanza ni ya swali, nne zinazofuata ni za kukusanya karatasi, maana kuna risiti itakayokosekana na mtu wa stoo atakayekuwa safarini. Siku ya sita ni ya hesabu, ya saba ya mhasibu. Slaidi zinaanza siku ya nane, si kabla. Anayeanza na slaidi huishia kutafuta takwimu za kujaza nafasi alizokwisha kuzichora. Kabrasha limfikie katibu wa kikao siku ya tisa asubuhi, au mapema zaidi kama ofisi yenu ina muda wake.

Kuhusu slaidi, maneno machache yanatosha. Ukipewa dakika 20, panga kuzungumza 12, nane ziwe za maswali, na slaidi saba zinatosha. Jibu liwe kwenye slaidi ya kwanza: mkurugenzi anaweza kuitwa nje dakika ya tatu. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye habari. "Matumizi ya Dizeli" hakisemi kitu, bali "Lita kwa safari zimepanda kutoka 850 hadi 935" kinasema hata kwa aliyechelewa kuingia. Chati ya nguzo ianze na sifuri, la sivyo ongezeko la asilimia 10 litaonekana kama maradufu. Jedwali la malori yote liende kwenye kiambatisho, na namba ya ukurasa uijue kwa kichwa. Chapisha nakala za karatasi kwa kila mjumbe, kwa kuwa umeme hukatika na waya wa projekta wakati mwingine haulingani na kompyuta.

Fanya jaribio kwa sauti, ukijipima kwa saa, mbele ya mtu asiye wa idara yako. Anapokunja uso, hapo pana neno la kiofisi ulilolizoea ambalo wajumbe hawalijui. Mwombe akuulize maswali matatu makali. Kwa mada hii ni rahisi kuyabashiri: "Kwa nini hamkuliona hili mwezi Aprili?", "Wenzetu wanatumia lita ngapi?", "Nani anawajibika?" La kwanza lijibiwe kwa tarehe ambayo takwimu zilipatikana. La pili, kama huna takwimu za wenzenu zenye chanzo, ni "Sina takwimu hiyo, Mwenyekiti." La tatu si lako kulijibu, ni la wakuu, na unaweza kusema hivyo kwa heshima: "Taarifa hii imeishia kwenye kiasi na mahali, Mwenyekiti. Uwajibikaji naomba niuache kwa menejimenti."

Maswali uliyoshindwa kujibu yaandike palepale pamoja na jina la aliyeuliza. Jibu lake limfikie katibu kwa maandishi kabla muhtasari wa kikao haujasambazwa, kwa sababu muhtasari ukishatoka na neno "haikujibiwa", marekebisho yatasubiri kikao kijacho. Na kama umegundua takwimu moja uliyoitamka haikuwa sahihi, ipeleke kwa njia hiyohiyo, siku hiyohiyo, ukionyesha ya zamani, mpya, na karatasi iliyosababisha mabadiliko.