Jeni ya Kalunguyeye Haioteshi Miiba

Dhana: Nzi wa maabara ndiye yule anayeozesha maembe.
Siye. Mharibifu wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya tunda. Wa maabara, anayetumiwa na wanasayansi kuchunguza jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), ni Drosophila melanogaster, kidudu cha milimita tatu hivi, kile kinachozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Dhana: Jina la jeni hutaja kazi yake.
Hapa hujikwaa hata wanafunzi wa baiolojia. Jeni nyingi za nzi zimepewa majina kwa kutazama kinachotokea zikiharibika. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, waliharibu jeni za nzi kwa kemikali kisha wakawachunguza mabuu kwa hadubini, mmoja baada ya mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Nobel ikaja 1995, wakiigawana na Edward Lewis.

Buu mzima ana mistari ya vinywele vigumu kama miiba tumboni, na kati ya mstari na mstari ngozi ni laini. Lakini kuna mabuu waliotokea wafupi, wamejaa miiba bila nafasi. Jeni iliyowaharibikia ikaitwa hedgehog, yaani kalunguyeye (si nungunungu, tafadhali). Maana yake, ikiwa nzima, jeni hiyo husaidia kubakiza ngozi laini! Vivyo hivyo wingless, "bila bawa": jeni hiyo ikiharibika, bawa huweza kutoota.

Dhana: Ishara kutoka seli moja kwenda nyingine ni amri, ikifika seli inatii.
Kwenye seli inayopokea kuna protini iitwayo Patched, na kazi yake ni kuikandamiza nyingine, Smoothened. Protini ya Hedgehog, yaani ishara inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya hedgehog, ikitoka seli jirani hunasa kwenye Patched, na Smoothened ikapata kupumua. Ishara haikanyagi mafuta, inaachia breki. Kitakachofuata kinategemea seli yenyewe, maana njia hiyohiyo hutumika kupanga pingili za kiinitete, bawa na jicho.

Dhana: Hayo ni ya nzi, sisi hayatuhusu.
Binadamu ana Patched yake. Katika saratani ya ngozi ambayo seli zake hufanana na zile za tabaka la chini la ngozi ya juu, jeni ya Patched mara nyingi hukutwa imeharibika: breki imekatika, seli zinagawanyika ovyo. Dawa ya vismodegib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, huibana Smoothened, kazi ambayo Patched imeshindwa kuifanya.